Mcheza Kwao

Ubao wa mia na tisa hauingii.
Wendell anaupigia goti, anaupiga nyundo ya raba,
unakaa.
Saa tisa usiku, Indianapolis, theluji mlangoni,
nasi tunaunda ardhi isiyo ya mtu.

"Kwa nini wasicheze kwao?" namuuliza.
Ukumbi wao, asema, unameza elfu nane tu;
hapa elfu sabini, na bado wengine watalilia tiketi.
Tena televisheni. Tena hoteli.
Tena wale waliohitimu zamani, wenye vitambi na pochi,
wanaishi mijini, chuoni hawarudi.
Anachomoa pini mdomoni:
"Na haki. Usisahau haki."

Haki ameitaja mwisho.

Kwetu Ujiji tulisema mcheza kwao hutunzwa.
Hapa atunzwe nani?
Nusu ya majukwaa nyekundu, nusu buluu,
kila anayesimama kwenye mstari wa mtupo huru
atazomewa kwa kipimo kilekile.
Na yule mwanafunzi aliyekesha foleni msimu mzima
nje ya ukumbi wao mdogo
kesho atatazama bwenini. Nauli imemshinda.

Mbao zimeshikana. Wendell ametoka kuvuta sigara.
Naokota mpira, nasimama, narusha.
Unagonga chuma,
unarudi kwangu ukidunda
mbele ya viti elfu sabini vitupu.

Hakuna aliyezomea.
Aliyeshangilia pia hakuna.

Jumanne tutaufumua uwanja, ubao kwa ubao,
na ule wa mia na tisa, nawajua hawa,
utagoma kutoka.