Kipuri

Walishuka Septemba, vumbi la Ruashi likiwa bado
linapaka rangi ya matofali kila nguo iliyoanikwa.
Hawakuuliza mkubwa wa mji ni nani.
Walinusa shaba, wakatua juu ya terili,
kilima chetu cheusi cha makapi ya tanuru,
wakakipigia magoti.
Tulicheka sana. Babu zetu walikimwaga kwa mikokoteni,
wao wanakisujudia.

Mimi ni Numbi, fundi wa redio na simu, Katuba,
kibanda cha bati karibu na mama wa makala.
Cheo chao nilikijua kwa viungo,
kama fundi viatu amjuavyo mtu kwa kisigino.

Juu wapo Wang'aavu. Hawatembei, hubebwa.
Wapanguzi huwasugua kutwa nzima
na hawaruhusiwi kujitazama katika mng'ao huo.
Kisha Wahasibu, walioyeyushwa chungu kimoja,
ukimsalimu mmoja wanaitika arobaini.
Kisha Wabebaji; hao hata sauti hawakufungiwa.
Na chini ya chini, Vipuri.

Kipuri hutengenezwa kizima:
macho mawili, magoti, moyo unaozunguka.
Hufundishwa kuhesabu mpaka kumi na tisa,
idadi ya viungo vyake vinavyotoka.
Halafu husimamishwa ukutani, kinangoja
goti la mkubwa livunjike.

Usiku mmoja umeme umekatika, kama desturi,
nasonga bukari kwa mwanga wa simu ya mteja,
kikaja kimoja. Mkono wa kushoto hakina.
Kiswahili chake cha wauza makayabu,
kimejaa "mama, ongeza kidogo."

"Fundi," kilisema, "usinitengeneze.
Niharibu kidogo.
Zipige tupa nyuzi za skrubu zangu,
zote zilizobaki, moja baada ya moja.
Niendelee kuona, niendelee kutembea,
ila nisimfae mtu."

Sikujibu. Sufuria iliungua.
Wang'aavu hunilipa vizuri, lazima niseme.
Paa hili jipya ni pesa yao.

Lakini nilimkumbuka Kyalwe, mdogo wangu,
aliyeingia shimoni Jumanne kutafuta kobalti
na shimo likafunga mdomo.
Jumatano kofia yake ilikuwa juu ya kichwa kingine.
Ilimtosha yule kijana.
Hata mkanda hakuulegeza.

Nilichukua tupa.

Kazi ile ina sauti mbaya, sauti ya meno usingizini.
Mama wa makala aligonga bati: "We Numbi, unasaga nini saa hizi?"
"Kufuli," nikasema.
Goti la kwanza. La pili. Shingo, taratibu.
Vumbi la chuma lilianguka ndani ya bukari
na alipouliza kama inauma kuharibikiwa chakula —
nimesema alipouliza.
Ulimi umeteleza. Uacheni hapo ulipoangukia.

Jogoo wa jirani alipowika tulikuwa tumemaliza.
Alijikung'uta, akanyoosha mguu, akautazama
kama mtu anayepima kiatu cha kwake mwenyewe.
"Ishirini," akasema.
"Ishirini nini?"
"Sijui bado."

Siku ya tatu waliniletea Mng'aavu aliyebebwa na wanane,
goti limepasuka. Wakamleta na yeye.
Walijaribu, goti halikushika. Wakajaribu tena.
Wahasibu walihesabu upya, arobaini kwa mdomo mmoja,
hesabu ikatoka ileile.
Wakanigeukia: "Fundi, rudisha nyuzi. Taja bei."
Nikasema chombo hicho hapa Lubumbashi hakipatikani,
labda ng'ambo ya mpaka, labda.
Walimwacha pale barabarani, kama ganda la muhogo.
Alisimama kidogo, kisha akaelekea sokoni kwa miguu yake.

Jana usiku walikuja wanne.
Mmoja hana macho, yalitolewa mwezi uliopita.
Aliniuliza tupa inafanana na nini.
Nikampa aishike.