Sarafu Isiyonunua Kitu

Ni duara la chuma, dogo kuliko kifungo cha koti,
nami nimelikabidhi majira yote ya baridi:
limlishe yule mdogo wa silikoni aliyelala
chini ya mfuniko wa mzinga wa saba, hapa Bohinj,
theluji ikiwa imefika magotini pa uzio.

Hesabu niliipiga jikoni, kwa penseli,
mama mkwe akimenya viazi.
Akilala, hunywa mikroampea mbili,
mlo ambao hata chungu angeulalamikia.
Kila dakika kumi huamka, hupima joto,
husikiliza mvumo wa nyuki,
hutupa neno moja hewani, hujifunika tena.
Miezi kumi na minne, nikaandika.
Nikapiga mstari chini yake, mara mbili.

"Na baridi umeihesabu?" akauliza Marjeta.

Januari, usiku wa nyuzi kumi na saba chini ya sifuri,
mzinga wa saba ukanyamaza.
Akiba haiozi, ndivyo wasemavyo.
Haiozi, lakini huganda.
Sarafu ilikuwa na chakula tele tumboni;
mkono wa kukigawa ndio uliokufa ganzi.
Redio ilipofungua kinywa
ikadai miliampea kumi kwa mpigo,
volti zikaporomoka,
na yule mdogo akazimika kabla ya kumaliza kutaja jina lake.
Akaamka. Akaanza jina. Akazimika.
Usiku kucha alijila hivyo,
kwa kuamka.

Nyuki hawana kosa hilo.
Chini yake, kwenye giza la mbao,
walikuwa donge moja, malkia katikati,
wakitetemesha misuli bila kukunjua bawa,
wa nje wakiingia ndani, wa ndani wakitoka nje,
asali ikishuka gramu kwa gramu.
Hakuna aliyepiga kelele ili ajulikane yu hai.

Asubuhi nilivua glavu, nikaunguza vidole kwa risasi ya kulehemu,
nikamwekea kapasita kando ya betri:
mtungi mdogo mlangoni pa kisima kivivu.
Kisima hutoa tone, na tone, na tone.
Redio ijapo na kiu yake
hupiga funda moja kutoka mtungini
na kisima hakishtuki.
Nikamwambia pia: sema mara moja kwa saa, yatosha.
Habari za nyuki waliolala hazina haraka.

Saa nne na dakika mbili, simu ikatetemeka.
Nyuzi kumi na tisa, katikati ya donge.
Nilikimbia nayo jikoni kama mtoto aliyepata maksi.

Marjeta hakuitazama. Alikwisha vaa buti.
Nikamwona dirishani akivuka theluji,
akainama, akabandika sikio kwenye ubao wa saba,
akagonga kwa kifundo cha kidole, mara moja.
Alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kwenda na kurudi, nikakadiria:
bakuli moja la supu.
Hiyo nayo sikuwa nimeiweka kwenye hesabu.