Rangi za Mlango

Jana nilikwangua mlango wa Haboba Kaltuma
kwa kisu cha mkate kilichopoteza mpini.
Barabara inakuja Kambi Mursali,
mita kumi na tano kila upande.
Nyumba italala chini. Mlango, akasema karani,
ni mali ya kubebeka. Bebeni.

Juu kabisa, alama nyekundu ya mwezi wa tatu.
Kijana aliyeipaka alikuwa na adabu:
aliomba maji, akayanywa amechuchumaa,
akarudisha kikombe kwa mikono miwili,
kisha akachora X yake
wala mkono haukumtetema.

Chini ya nyekundu, buluu, nambari ya sensa.
Walituhesabu, wakakosa pa kutuandika,
tukaingia safu ya mwisho: Wengineo.

Kisha kijani, na hiyo ilikuwa ngumu,
ilishika mbao kama deni.
Vijana wa chama waliipaka usiku
kwenye nyumba zilizonunua kadi.
Haboba alinunua mbili,
moja yake, moja ya mbuzi,
maana mbuzi ndiye aliyekuwa akizurura njiani.

Nikafika kwenye nyeupe. Hapo kisu kikasita.
Nyeupe ni yetu.
Mkesha wa bendera Haboba aliazima nusu mkebe
kwa fundi Sebit wa Makina, akapaka peke yake,
mimba ya mama yangu ikimtangulia,
akisema mwenyeji mpya asije akatukuta wachafu.
Asubuhi mwenyeji mpya akaleta karani,
mwenzetu, suti imemkaa,
na brashi ileile.

Chini ya nyeupe, lami. Nambari ya Mzungu wa manispaa
na sharti lake, lililo hadi leo sandukuni:
nyumba ni ya askari; askari akifa
nyumba haina mrithi.
Rehan Almasi, baba yake Haboba, aliposomewa hilo
akakataa kufa.
Miaka kumi na mmoja alilala na kikohozi chake,
kila kukicha akiuliza, "Bado ni walewale?"
Bado, baba.
Wakabadilika. Akafariki wiki hiyohiyo,
rangi haijakauka, jeneza likachafuka ubavuni
likipita.

Chini ya lami sikutarajia ila mti.
Lakini mti wenyewe una maandishi,
yamechomwa kwa chuma, nusu ya herufi, nusu ya taji:
mbao za kasha la risasi.
Nimewakwangua watawala wote
nikamkuta mtawala.

Nilitaka kulia, nikaona haya mbele ya mafundi.
Haboba akagonga stuli kwa fimbo.
"Geuza, mtoto. Umesoma upande wa barabarani."

Upande wa ndani hakuna aliyewahi kuupaka.
Kuna moshi wa kisra, kuna mafuta ya vidole,
na mistari ya mkaa inayoanzia gotini:
Zamzam. Faraj. Mama, mara tisa.
Zamzam mdogo, aliyepewa jina la yule
ambaye mistari yake ni miwili tu.
Marjan anaishia usawa wa komeo.
Burma alikwenda akiwa mrefu kuliko hapo, wanasema,
lakini mlangoni hakuongezeka tena.
Wangu umepinda. Sikuwa mtoto wa kutulia.

Leo mkokoteni umekuja kabla ya jua.
Kijana wake akauliza upande upi ulale juu,
na Haboba, ambaye tangu jana hajala,
akasema wa mkaa, na asiufunike,
apite kwanza mbele ya ofisi ya karani, polepole.

Wingu lilikuwa limeshatanda Ngong.
Nikasema, Haboba, mvua itafuta.
Akanitazama kama ninayeuliza bei ya hewa.
"Mkaa upo," akasema, "na huyo wako
mbona hajapimwa?"

Tukausimamisha mlango palepale njiani, hauna nyumba.
Mwanangu akauegemea, visigino pamoja,
na gari nyuma yetu
likaanza kupiga honi.