Nyekundu Haiamshi Fedha

Shangazi Lamara alinifungia ndani ya stoo,
Kutaisi, chini ya jengo la ghorofa tisa,
akawasha taa nyekundu, akasema: "Sasa tazama."
Karatasi ya picha ilikuwa uchi mezani,
na taa ikaimwagia wekundu kama maji ya komamanga,
dakika tano, dakika kumi,
hadi chai yetu ikapoa.
Akaizamisha kwenye beseni la dawa.
Hapana kitu. Nyeupe kama ilivyozaliwa.

Nikauliza kama dawa imechacha.
Akacheka, meno yake nayo mekundu,
akatoa sarafu mfukoni mwa aproni.
Lifti yetu hula tetri ishirini kwa mkupuo.
Ipe za tano tano, ipe gunia zima:
Bi Tsiala wa ghorofa ya tisa
bado atapanda ngazi kwa magoti yake mabovu.
Haba na haba hujaza kibaba,
ila lifti haina kibaba. Ina tundu.

Ndivyo ilivyo fedha iliyolala karatasini.
Nuru haimiminiki kama mto Rioni,
japo macho yanaapa kwamba inamiminika.
Huja punje punje, fotoni moja, kisha moja,
kila moja na furushi lake la nishati,
furushi lisilofunguliwa njiani,
lisilogawanywa nusu mlangoni.
Nyekundu ni sarafu ndogo.
Kuongeza taa ni kuongeza idadi tu;
thamani ya kila moja haipandi hata chembe.
Buluu ndiyo ya ishirini.
Hafifu, chache, za kuhesabu kwa vidole,
na fedha inaitika: naam.

"Ina uzito gani?"
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu,
nilipenda kuwanasa watu wazima.
"Haina. Hata wa unyoya."
"Basi inabebaje mzigo?"
Alipangusa koleo, akapangusa tena.
"Sauti yangu ina kilo ngapi?
Mbona jana ilikuliza?"
Jibu bovu. Nimefundisha fizikia miaka ishirini na miwili
na bado sijapata bovu linalolishinda.

Kisha umeme ukakatika, kama kila siku ya Februari ile.
Hata wekundu ukatutoka.
Nilimsikia akipapasa gizani:
kioo, karatasi mpya,
na negativu ya Otari, mumewe,
aliyekaa dirishani majira ya baridi yake ya mwisho,
theluji ya uani ikimrushia mwanga kidevuni.
Akaufungua mlango, upana wa kidole.
Moja.
Mbili.
Akafunga.

Mwanga ule uliliacha jua dakika nane nyuma,
tulipokuwa tukigombania sukari.
Ulivuka utupu bila kuchoka wala kupungukiwa,
ukashuka ngazi za stoo, ukagonga fedha,
ukatoa chote,
ukakoma.
Fotoni haijui kuketi.
Ikifika imekwisha,
na kilichokuwa chake ni cha aliyeipokea.

Dawa tuliitia kwa kuhesabu, bila kuona.
Tulipofungua mlango wote, Otari alikuwa beseni la tatu,
mweusi mno upande wa kushoto,
sikio limemezwa,
jicho moja zima, linatutazama.
Shangazi hakusema kitu. Alimgeuza, akamsuuza.

Nimelifikiri sana jicho lile.
Punje zilizogusa shavu lake hazikunifikia mimi;
zilizikwa kwenye filamu, siku ileile.
Zilizoingia mlangoni zilikuwa ngeni,
hazikumjua, zilipita tu pale alipoacha nafasi,
na pale alipoziba, zikazuiwa.
Hivyo ndivyo tulivyompata.

Alinipa ile tetri ishirini: "Tangulia juu."
Lifti ilikuwa imekufa na umeme.
Tukapanda kwa miguu, ghorofa saba,
picha ikidondosha maji kila kipandio,
sarafu ngumi­ni mwangu, nzima,
ina joto.