Picha Safi

Daktari aliinua picha dirishani,
akapitisha kalamu juu ya uti wangu
pingili kwa pingili.
"Safi, Mwanakheri. Hakuna kitu."
Nikatoka na bahasha kubwa kwapani,
na kile kisicho kitu
kikaniuma hadi Langoni.

Wifi akataka nipungwe.
Jirani akasema nazi haijikuni yenyewe.
Nikanyamaza. Mwaka wa tatu huu
naona haya kuumwa bila jeraha.

Ila punda wetu, Tufani,
aliyebeba mawe ya nyumba ya Bwana Famau
mpaka dari ikafungwa,
hata leo, mgongo mtupu,
akifika mlango ule husimama.
Shee humpiga, humtukana. Hasogei.
Mzigo hakuna. Miguu haijaambiwa.

Jana nilimkuta hapo, masikio yamelala.
Sikumvuta.
Nikaweka kiganja shingoni mwake
na kingine kiunoni mwangu,
nikawaambia wote wawili, taratibu,
kama anayemwamsha mtoto:
nyumba imekwisha.

Akanusa kizingiti.
Kiuno kiliuma.
Tukapiga hatua tatu.