Upande wa Kerubo

Kwa Ondieki, barabara ya Luthuli, ghorofa ya pili,
navishwa hedifoni nzito kama kofia ya pikipiki.
"Usitikise kichwa," asema. Kisha: "Haya, tikisa."

Ngoma iko nyuma, karibu na mlango.
Mwimbaji mbele, hatua tatu hivi;
nikigeuka, yeye habanduki alipo.
"Sauti hutangulia sikio moja,
hufika la pili imechelewa,
kuchelewa kufupi kuliko kope kufumba.
Ubongo hupima pengo hilo, hujenga chumba."

Naitikia. Lakini simsikii tena.
Kushoto pana gitaa nisilolijua
katika wimbo ninaoujua tangu darasa la sita.

Kayole. Kitanda kimoja, waya mmoja wenye ncha mbili:
mimi sikio la kulia, Kerubo la kushoto,
betri tumezianika juani zipate uhai.
Nikilalamika wimbo huu mkavu,
alicheka, akanipigapiga ubavuni kwa vidole
mdundo ambao mimi sikugawiwa.

Nageuka kushoto.
Ukuta. Nyaya. Bei kwa kalamu nyekundu.

"Ina kasoro?" auliza Ondieki.

Namwambia arudishe mwanzo.