Usi-

Saa tisa usiku, Kiborloni, nakanda unga.
Kilo nne. Sukari ya kukadiria kwa kiganja,
hamira kijiko kimoja kwenye maji ya vuguvugu,
kisha nafunika beseni kwa kanga kuukuu:
maandishi yamefutika, imebaki "usi" tu,
sijui tena kanga hii ilinikataza nini.
Joto, giza, utamu, na kuachwa kwa amani.
Chachu haidai zaidi ya hayo.
Alfajiri unga umefika ukingoni
na maandazi ya stendi yananisubiri kuchomwa.

Mwaka jana meno ya Aikande yaliota
kila moja na njia yake.
Tukapewa bamba: plastiki ya rangi ya ufizi,
waya mwembamba mbele, vishikizo viwili nyuma.
Laki mbili na nusu.
Nusu ililipwa na zamu yangu ya upatu,
nusu nilikopa kwa Mama Ndealilia wa nafaka,
ambaye hadi leo akinisalimia anaanza na tarehe.

Basi nikamwambia mtoto: usilivue.
Usilivue shuleni, watalikanyaga.
Usilivue ukila, utalitupa na maganda.
Usilivue ukilala. Panya.

Mtoto msikivu. Hakulivua.

Kwanza akaikataa chai.
Kisha machalari, akasema ndizi zinachoma.
Nikadhani ni madeko, nikamfokea
mkono mmoja ndani ya unga.
Hadi Jumamosi moja nilipomvuta mlangoni kwenye mwanga,
nikalichomoa bamba, nikasema, panua.
Kaakaa lilikuwa jekundu
na wekundu ule ulikuwa na umbo:
bamba lenyewe, ukingo kwa ukingo,
kama muhuri wa ofisi.
Pembeni, mashavuni, madoa meupe ya mtindi.
Nililipangusa moja kwa kitambaa.
Likatoka, likaacha damu.

Daktari Mlay ni msichana wa raba nyeupe.
Alipitisha ukucha mgongoni mwa bamba, akatuonyesha ule utelezi.
"Fangasi," akasema. "Wamo vinywani mwetu wengi, wapole tu.
Ndugu wa mbali wa hamira.
Ukiwapa joto, unyevu, sukari iliyobaki,
ukawafunika usiku na mchana mate yasiwapitie,
wanaumuka."

Nikatazama viganja vyangu.
Kwenye mikunjo unga ulikuwapo bado.

"Nani alimwambia asilivue?"

Aikande akalitazama bango la mswaki ukutani.
"Nilisahau mwenyewe," akasema.
Miaka tisa, ulimi unamuwaka,
na bado alipata nguvu ya kunifunika.

Nilikohoa.
"Ni mimi," nikasema,
kwa sauti ya mtu anayedai chenji ndogo dukani
huku foleni ikimsubiri.
Daktari hakunigombeza. Aliandika.
Matone ya njano mara nne kwa siku,
ayazungushe mdomoni kwanza ndipo ameze.
Bamba lisuguliwe kwa mswaki wake peke yake,
sabuni, maji baridi, kamwe si ya moto, litapinda.
Na usiku, hadi kaakaa lipone,
lilale kwake na mtoto alale kwake.
Njiani Aikande alinishika kidole kimoja,
hakuniuliza kitu.
Nilimnunulia parachichi. Laini, haliumi.

Sasa mezani kuna vitu viwili.
Beseni, limefunikwa.
Na bakuli la chai, wazi, maji safi,
bamba limezama chini likinichekea bila meno.
Panya nimemtegea.
Dirishani baridi ya mlima inaingia bila hodi
na unga leo unasuasua kupanda.
Aikande anakoroma, mdomo wazi,
yale mawili ya mbele bado yanasukumana kidogo.

Nanawa mikono hadi kwenye viwiko.
Navuta blanketi lake hadi kidevuni,
naishia hapo.